Kuzibua au Kutanua? Historia ya Tiba ya Mishipa ya Damu na Suala la Istilahi

Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland, Marekani, daktari wa radiolojia Charles Dotter alimtibu mwanamke wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kuoza kwa kukosa damu. Alikuwa ameshauriwa akatwe mguu, naye akakataa. Dotter alipitisha waya mwembamba katika ateri ya paja iliyokuwa imesinyaa, kisha akapitisha juu yake mirija, mwembamba kwanza na mnene baadaye, hadi njia ikatanuka. Mguu ulirejewa na joto, na mwanamke huyo aliendelea kuutembelea.

Njia hiyo ilikwisha kufyekwa na wengine. Mwaka 1929, Werner Forssmann wa Ujerumani alijipitishia katheta kutoka mkononi hadi moyoni. Mwaka 1953, Sven-Ivar Seldinger wa Uswidi alieleza namna ya kuingiza katheta kwa sindano na waya bila kupasua. Baada ya Dotter, Andreas Grüntzig alitanua ateri ya moyo kwa puto mjini Zurich, tarehe 16 Septemba 1977. Stenti ziliingizwa katika ateri za moyo za binadamu kuanzia mwaka 1986.

Kila lugha iliipokea tiba hii kwa namna yake. Kiholanzi kiliunda kitenzi *dotteren* kutokana na jina la daktari. Kiswahili kilitumia *kuzibua*, yaani *ziba* katika kauli ya kutendua. Neno hilo hueleweka upesi, lakini linaahidi zaidi ya kinachotendeka. Puto haliondoi utando wa mafuta. Huukandamiza ukutani mwa mshipa, na stenti huuzuia usirudi. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba amezibuliwa anaweza kuamini kwamba ugonjwa umekwisha, akaacha dawa za kuzuia damu kuganda, na stenti ikaziba ghafla.

Tiba hizi sasa hutolewa pia Afrika Mashariki, ikiwemo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kwa hiyo, istilahi hii si suala la kamusi pekee. Fomu za ridhaa na maelezo ya wagonjwa yafaa yatumie *kutanua mshipa*, na *kuzibua* kubakie pale ambapo donge la damu limetolewa kwa hakika.