Moshi wa Sigara Nyumbani na Damu ya Mja Mzito

Mja mzito afikapo kliniki katika Tanzania hupimwa wekundu wa damu, yaani hemoglobini, na akionekana yu chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Na uchunguzi wa taifa wa miaka ya 2015 na 2016 ulidhihirisha kwamba wanawake 57 katika kila waja wazito 100 walikuwa katika hali hiyo. Tiba na nasaha apewazo, yaani vidonge vya kuongeza damu, dawa za malaria na minyoo, chandarua, na wasia wa kula mboga za majani na dagaa, zote ni za haki. Lakini zote humtazama yeye peke yake, kana kwamba damu yake haina mshirika. Hoja ya makala haya ni kwamba sigara ya mume ni jambo la damu ya mke, na kwa hiyo yapasa iulizwe na kuandikwa.

Miongoni mwa sumu za moshi wa tumbaku imo gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo huishika hemoglobini kwa nguvu inayoipita ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata chembe nyekundu zikawa zimo mishipani kwa idadi yake, ilhali baadhi yake haziwezi tena kubeba pumzi ya uhai. Mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi, maana hemoglobini yake huing'ang'ania gesi hiyo kuliko ya mamaye, na huiachilia kwa taratibu. Fauka ya hayo, moshi huamsha mchochota mwilini, na mchochota huongeza hepsidini, homoni ya ini izuiayo madini ya chuma yasipenye kutoka matumboni kuingia damuni.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana na wapimaji. Mwili unaokosa oksijeni hujitahidi kuzidisha chembe nyekundu, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani huagiza kipimo cha mvutaji kipunguzwe kabla ya kuhukumiwa. Lakini asiyevuta, bali avutishwaye moshi wa mwenziwe, hana hesabu ya namna hiyo. Basi wekundu unaoonekana kutosha si ithibati kamili ya salama, maadamu haikujulikana hewa ya nyumba atokayo.

Tena kuna njia ya mfuko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya mafukara wa mijini Indonesia ulionyesha kwamba, katika nyumba ambazo baba alivuta, asilimia 22 ya matumizi ya juma kwa kila mtu ilikwenda kwenye sigara, na watoto wa nyumba hizo walielekea zaidi kudhoofu kwa utapiamlo. Fedha iliyokwisha kuteketea hainunui samaki, maini wala maharage, na mja mzito ndiye ahitajiye chuma kuliko wote nyumbani.

Yamkini mtu atapinga kwamba malaria, minyoo na uzazi wa karibu karibu ni sababu kubwa zaidi, na kwamba umaskini waweza kuzaa sigara na upungufu wa damu kwa pamoja, pasipo kimoja kuwa mzazi wa kingine. Pingamizi hili lina insafu, nami sidai kuwa moshi ndio asili ya maradhi haya. Lakini mwaka 1981, mtafiti Takeshi Hirayama alipotangaza kwamba wake wasiovuta wa Wajapani wavutao walipatwa zaidi na saratani ya mapafu, wengi walimbishia, na utafiti uliofuata ukamthibitisha. Aidha, madhara ya moshi huo kwa uzito wa mtoto azaliwaye yamekwisha kubainika. Hivyo kuuondoa ni faida yakini, hata kabla ya hesabu ya damu kukamilika.

Sheria ya tumbaku ya Tanzania ya mwaka 2003 huzuia uvutaji katika baadhi ya mahali pa umma, illa haivuki kizingiti cha nyumba. Na wanaume wavutao Tanzania ni wengi mno kuliko wanawake. Dhima, basi, ni ya mume. Na kwa kuwa kliniki huwaita waume wahudhurie pamoja na wake zao, muuguzi na amwulize mume huyo waziwazi kama avuta, amweleze yampatayo mkewe, amsaidie kuacha, na jibu lake liandikwe katika kadi kando ya kipimo cha damu.