Chakula cha mama, akiba ya mtoto

Tukiona mtoto mchanga mwenye afya, twasema: huyu amezaliwa na nguvu. Lakini nguvu hizo amezipata wapi? Tufuate habari moja ya zamani. Yaanza baharini, nayo yafika mpaka jikoni mwetu.

Zamani mabaharia wa Ulaya walikaa miezi mingi baharini, wakila nyama ya chumvi na mikate mikavu, bila matunda wala mboga. Basi wengi walishikwa na kiseyeye: ufizi ulivimba na kutoka damu, meno yalilegea, mwisho walikufa. Mwaka 1747 James Lind, mganga wa merikebu ya Kiingereza Salisbury, alitwaa wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili. Chakula chao kilikuwa kimoja, lakini dawa mbalimbali: hawa siki, wale maji ya bahari. Wawili walipewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Siku ya sita matunda yakaisha. Lakini mmoja wao alifaa tena kwa kazi, na mwenzake akawekwa kuuguza wengine. Lind alitoa kitabu mwaka 1753. Hata hivyo wakubwa wa merikebu za vita walikawia mpaka 1795, ndipo wakaamuru mabaharia wapewe maji ya malimau. Katikati wangapi walikufa bure!

Ugonjwa huo haukuwa wa mabaharia tu. Mwaka 1883 mganga Thomas Barlow wa London alionyesha kwamba watoto wadogo pia walipata kiseyeye, hasa waliolishwa vyakula vya kopo. Walionyonya mama zao walishikwa kwa nadra. Kwa nini?

Jibu lilikuja polepole. Mwaka 1928 Albert Szent-Györgyi, mtu wa Hungaria, alitenga kitu ambacho mwaka 1932 kilijulikana kuwa ndicho kinachozuia kiseyeye: vitamini C. Mwili wetu hauwezi kujitengenezea vitamini hiyo, lazima tuile. Baadaye waganga walipima damu ya mama wakati wa kuzaa, na damu ya kitovu cha mtoto. Waliona nini? Kwa kawaida damu ya mtoto ina vitamini C nyingi kupita ya mama yake. Kondo la nyuma humpelekea mtoto akiba, na baada ya kuzaliwa maziwa ya mama huendelea kumpa.

Lakini angalieni: mama akipungukiwa, na mtoto huzaliwa na akiba haba. Asiye na kitu atatoa nini? Ndiyo maana wataalamu wa Marekani, mwaka 2000, walimwekea mama mwenye mimba miligramu 85 kwa siku, na anayenyonyesha 120.

Tusidhani vitamini hiyo ni ya matajiri. Imo katika mapera, mapapai, maembe, machungwa na malimau; pera lapita chungwa mbali. Imo pia katika lengalenga na sombe, lakini moto wa muda mrefu huiharibu. Kwa hiyo matunda mabichi, yaliyooshwa vizuri, yafaa sana.

Basi, enyi akina baba, tusipeleke matunda yote sokoni. Na sahani ya mama mwenye mimba isiwe ya mwisho. Mabaharia walingoja zaidi ya miaka 40 ili wapewe limau lililokwisha kujulikana. Sisi tunangoja nini?