Ratiba ya mzigo wa jumla

Ratiba ya mzigo wa jumla ni mpango ambao mfanyabiashara wa jumla huwatangazia wateja wake siku za kuwapelekea bidhaa na saa ya mwisho ya kupokea oda za kila safari. Oda inayofika baada ya saa hiyo husubiri safari inayofuata, au mteja hujilipia usafiri mwenyewe.

Utaratibu

Kati ya kufungwa kwa oda na kuondoka kwa gari kuna kazi kadhaa: kujumlisha oda, kuhakiki bidhaa zilizopo stoo, kuandika ankara, kufungasha na kupakia. Mzigo wa mteja wa mwisho njiani hupakiwa kwanza, ili wa mteja wa kwanza uwe karibu na mlango. Hivyo oda moja iliyochelewa inaweza kulazimisha gari lipangwe upya. Duka linalopeleka mzigo Jumanne asubuhi, kwa mfano, linaweza kufunga oda Jumatatu saa 8 mchana.

Wateja wa barabara moja hupangiwa siku moja ili gari lisirudie njia likiwa nusu tupu. Muuzaji wa rejareja naye hulazimika kuagiza bidhaa za kumtosha hadi safari ijayo.

Kanda ya Ziwa

Usagara, katika Wilaya ya Misungwi, ni njiapanda ambapo barabara ya Kigongo, Sengerema na Geita huachana na ile ya Mwanza–Shinyanga. Kwa miaka mingi magari ya upande huo yalivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi, na muda wa kufika ulitegemea foleni. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Tangu hapo magari huvuka bila kusubiri kivuko.

Dagaa na mwezi

Dagaa wa Ziwa Viktoria (*Rastrineobola argentea*) huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa. Zamani zilitumika karabai, na siku hizi taa za umeme wa jua pia hutumika. Mwezi unapong'aa dagaa hawakusanyiki vizuri kwenye taa, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa karibu na mwezi mpevu. Baada ya kuvuliwa, dagaa huanikwa juani, na mvua huchelewesha kukauka au huwaharibu. Kwa sababu hizo wanunuzi wa jumla katika soko la Mwaloni, Kirumba, hawawezi kutegemea siku za wiki peke yake: huhesabu pia siku za giza na za mbalamwezi, na huweka akiba kabla ya mapumziko ya wavuvi.

Usalama

Siku moja ya mzigo au ya gulio huleta watu na bidhaa nyingi kwa pamoja. Kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kikitoka Bugolora, Ukerewe, siku ya gulio. Zaidi ya watu 220 walifariki. Kwa hiyo ratiba ya mzigo wa visiwani huhitaji kuzingatia uwezo wa chombo: mzigo unaozidi hubaki bandarini hadi safari inayofuata, hata kama oda yake iliwahi.