"Charonyi ni Wasi" yarejea kwenye sindano ya santuri

WAKATI mashabiki wa muziki wa roki ng'ambo wanazirudia sahani kubwa za Pink Floyd za miaka ya 1970, Mdawida anayetafuta santuri ya enzi hizo aghalabu huishia kwenye sahani ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika. Inayotajwa mno ni "Charonyi ni Wasi" ya Maroon Commandos, iliyovuma mwaka 1977.

Bendi hiyo ya wanajeshi wa kambi ya Lang'ata, Nairobi, iliundwa mwaka 1970 na kuongozwa na Habel Kifoto, mwana wa Taita aliyefariki dunia mwaka 2011. Ajali ya barabarani ya mwaka 1972 ilikatiza shughuli zake. Kibao kilichoirejesha masikioni mwa Wakenya kiliimbwa kwa Kidawida, lugha ambayo wengi wa waliokicheza hawakuielewa. Jina lake lasema kwamba ugenini ni kubaya.

Bura, chini ya milima ya Taita katika njia ya Voi kwenda Taveta, jina hilo halihitaji mkalimani. Reli ilifika sehemu hizo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na vijana wakaifuata Mombasa na Nairobi kutafuta kazi. Nyumba nyingi zilimjua baba kwa barua na pesa za mwisho wa mwezi.

Kuusikiliza wimbo wa aina hii kwenye santuri si sawa na kuusikiliza kwenye simu. Upande mmoja wa sahani haukubeba zaidi ya dakika tano hivi, kwa hivyo wanamuziki wa Kenya waliigawa ngoma mara mbili: upande wa kwanza maneno, wa pili magitaa na tarumbeta, mwendo ukichangamka. Asiyegeuza sahani huondoka na huzuni peke yake.

Kaseti, na hasa zile za bandia, ziliua biashara ya sahani hizo katika miaka ya 1980. Zilizosalia zina maadui wawili: jua, linalozipinda, na vumbi jekundu la nyanda za Voi, linalojaa mifereji hadi sauti ikakwaruza. Mwenye nayo huifuta kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, bila kugusa karatasi ya katikati, na kuihifadhi ikiwa imesimama, kamwe si kwa kurundikwa.