Ujanibishaji wa bidhaa na huduma

Ujanibishaji ni kazi ya kurekebisha bidhaa, huduma au maandishi ili yaeleweke na kutumika mahali fulani. Tafsiri ni sehemu yake tu. Mfasiri huhamisha maana, ilhali mjanibishaji huangalia pia vipimo, saa, fedha na desturi za watumiaji.

Mkulima wa mpunga wilayani Malinyi, katika bonde la Kilombero, huhesabu shamba lake kwa ekari. Lebo ya dawa ya magugu ikitaja kipimo kwa hekta, hata kwa Kiswahili sanifu, anaweza kumaliza dawa ya hekta nzima katika ekari moja, yaani karibu mara 2.5 ya inayotakiwa. Saa nayo huleta makosa: saa 8 asubuhi kwa hesabu ya Kiingereza ni saa 2 kwa Kiswahili. Namba ikiachwa kama ilivyo, asubuhi imegeuka mchana.

== Zuia Mbu ==

Mfano mzuri unatoka bonde hilohilo. Mwaka 1997 mradi wa KINET, ulioendeshwa na kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara, ulianza kuuza vyandarua na dawa yake katika wilaya za Kilombero na Ulanga (Malinyi ilikuwa bado sehemu ya Ulanga). Watafiti waliuliza kwanza wenyeji wanaitaje homa na wanaielewaje. Ilionekana kuwa wengi hawakuihusisha degedege moja kwa moja na malaria. Bidhaa ikapewa jina la Zuia Mbu, kwa kuwa kero ya mbu ilijulikana kwa kila mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulihusisha vyandarua vyenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4.

== Kuanza kazi ==

Nchini Tanzania anayefungua huduma hii husajili jina la biashara BRELA na kupata namba ya mlipakodi TRA. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa mwaka 1967, husanifisha istilahi na kuthibitisha tafsiri. Wateja wengi wa nje hulipa kwa idadi ya maneno ya matini chanzi. Ni busara malipo hayo yatoshe kumlipa pia mhakiki, maana mfasiri haoni makosa yake mwenyewe kwa urahisi.

Programu za kompyuta zina ugumu wa pekee. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Tatizo linalorudi katika kazi za aina hii ni ngeli: Kiingereza hutumia sentensi moja yenye nafasi wazi kwa kila kitu kilichofutwa, lakini kwa Kiswahili picha imefutwa, ujumbe umefutwa, na jina limefutwa. Mjanibishaji huomba sentensi tofauti kwa kila nomino, au hubadili muundo wote kuwa "Umefuta:" kisha nomino ikafuata.