Uoteshaji wa uyoga unaolika katika maabara

Uoteshaji wa uyoga katika maabara ni ukuzaji wa maiselia, yaani utando wa nyuzi nyeupe unaozaa uyoga, juu ya lishe iliyotakaswa vijidudu. Lengo kuu ni kupata chanzo safi cha mbegu. Mbegu anayonunua mkulima huwa ni nafaka iliyochemshwa, ikatakaswa na kutawaliwa na maiselia.

Aina za lishe

Lishe iliyozoeleka zaidi ni ya viazi mviringo. Gramu 200 za viazi huchemshwa, maji yake huchujwa, kisha huongezwa gramu 20 za glukosi na gramu 15 hadi 20 za aga, na ujazo hufikishwa lita 1. Mchanganyiko hupikwa kwa mvuke wa shinikizo katika nyuzijoto 121 za Selsiasi kwa dakika 15 hadi 20, halafu humiminwa kwenye sahani za petri. Aga inayogandisha lishe hutoka kwenye baadhi ya mwani mwekundu. Hata hivyo, mwani unaolimwa Zanzibar hutoa karajini, si aga.

Lishe nyingine hutumia kimea, unga wa mahindi, shayiri au mtama. Hamira huongezwa ili kutoa naitrojeni na vitamini B. Ulinganisho wa lishe hizi hauishii kwenye kipenyo cha utando: kwenye lishe hafifu nyuzi zaweza kusambaa upesi huku zikiwa chache na nyembamba, kwa hiyo unene nao hukaguliwa.

Upandikizaji na utunzaji

Kipande kidogo hukatwa ndani ya uyoga mchanga, shina linapokutana na kofia, kwa kisu kilichopitishwa motoni, na huwekwa katikati ya sahani karibu na mwali wa taa ya spiriti. Sahani hufungwa na kugeuzwa juu chini ili matone ya mvuke yasidondokee utando. Uyoga mamama (*Pleurotus*) hustawi kwenye nyuzijoto 25 hadi 28. *Volvariella volvacea* hupenda 30 hadi 35, na maiselia yake hufa ikihifadhiwa kwenye jokofu la nyuzijoto 4. Ukungu wa kijani wa *Trichoderma* ukionekana, sahani hutakaswa na kutupwa bila kufunguliwa.

Si kila uyoga unaolika hukubali njia hii. *Termitomyces*, uyoga wa vichuguu, huishi kwa kutegemeana na mchwa, na bado haulimwi kibiashara.

Tanzania na Simiyu

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya kuotesha *Coprinus cinereus*, *Pleurotus flabellatus* na *Volvariella volvacea*, uyoga wa asili wa Tanzania, juu ya masalia ya mkonge yaliyovundishwa.

Masalia mengine ya mazao yapo Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 ukiwa na makao makuu Bariadi, ambao ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa pamba nchini. Mtama wa huko hufaa kutengenezea mbegu ya uyoga. Makapi ya mbegu za pamba na taka za viwanda vya kuchambua pamba hufaa kupandia mamama na *Volvariella*. Mabua ya mpunga hufaa pia. Kwa kuwa pamba hupuliziwa viuatilifu, masalia yake hupaswa kupimwa kabla ya kuoteshea chakula. Aina ya uyoga iliyoshinda kwenye sahani hujaribiwa tena juu ya masalia hayohayo, kwani kasi ya maiselia kwenye aga haihakikishi wingi wa mavuno.