Wembe na Majina: Chanjo ya Duara kutoka Ogoja hadi Masisi

Mtu wa Masisi, mashariki mwa Kongo, akikuambia amechanjwa, inafaa umuulize amechanjwa na nani. Kitenzi kuchanja kinabeba kazi mbili katika Kiswahili chetu. Kuna chale, mikato midogo ya wembe kifuani, kiunoni au kwenye viungo vya mikono, inayopakwa unga wa dawa ili mwenye mwili akingwe na sumu, na jicho la watu, hata na risasi. Na kuna chanjo, sindano ya muuguzi wa kituo cha afya, inayoandikwa kwenye kadi ya mtoto. Huku Mpofi, ambako Masisi inapakana na Walikale, mwili mmoja unaweza kubeba alama zote mbili: kovu la mviringo la chanjo ya kifua kikuu mkononi, lililopatikana utotoni, na safu ya chale kifuani, iliyopatikana siku kijana alipoitwa kwenda kulinda kijiji.

Alama hizo mbili hazilingani, na lugha kuziunganisha hakumaanishi kwamba ni kitu kimoja. Chale zina masharti: usile kitu fulani, usiguse fulani, usiibe. Kinga ikishindwa, aliyeshindwa ni mtu aliyevunja mwiko. Sindano haina mwiko. Ikishindwa, watafiti wanarudi kuhesabu, wanapima kipimo cha dawa, wanatazama kama chupa zilipata joto njiani. Kosa moja linatafutwa katika mwenendo, jingine katika hesabu. Hata hivyo zinafanana katika jambo moja kubwa: zote zinamwendea mtu angali mzima, na kumwomba akubali maumivu ya leo kwa sababu ya ugonjwa ambao bado hajauona. Kumwomba mgonjwa anywe dawa ni rahisi. Kumwomba mzima akubali kukatwa kunahitaji amwamini anayekata.

Nataka kuifuata imani hiyo katika nchi kadhaa, kwa sababu naona historia ya chanjo ni historia ya swali moja ambalo vitabu vya tiba hulipita haraka: nani anamwendea nani?

Kabla ya maabara kuwako, mzazi ndiye aliyeuendea ugonjwa. Katika Sudan ya zamani, mama aliyesikia kwamba ndui imeingia kwa jirani alikwenda nyumba ile na kitambaa cha pamba, akakifunga kwenye mkono wa mtoto mgonjwa, kisha akaketi na mama mwenzake wapatane bei ya kila kipele. Wakishaelewana alirudi kwake akakifunga kitambaa kilekile kwenye mkono wa mwanawe. Waliita kununua ndui. Huko China waganga waliusaga ukoko wa vipele ukawa unga, wakaupuliza puani mwa mtoto kwa mrija. Huko Uturuki, mnamo 1717, Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliona bibi vizee wakija kwenye mikusanyiko ya familia na usaha wa ndui ndani ya ganda la kokwa, na sindano ya kukwaruzia mshipa. Boston, Marekani, ni Mwafrika aliyekuwa mtumwa, Onesimus, aliyemweleza bwana wake Cotton Mather kwamba kwao alikwisha kuchanjwa na kovu analo. Ndui ilipouvamia mji ule mwaka 1721, iliwapata watu 5,889 na kuwaua 844. Kati ya zaidi ya watu 240 aliowachanja daktari Zabdiel Boylston, walikufa 6.

Njia zinatofautiana: Wachina walipitia puani, Waturuki mshipani, Waafrika kwenye ngozi. Mwelekeo ni mmoja. Familia inapima hatari, inachagua siku, inalipa, inarudi nyumbani. Ugonjwa unanunuliwa kwa hiari, kama mbegu. Na hatari yake ilikuwa ya kweli, kwa kuwa aliyechanjwa kwa ndui hai angeweza kumwambukiza jirani asiyechanjwa. Hiari ya nyumba moja ilikuwa tishio kwa nyumba ya pili, na hapo ndipo serikali zilipopata sababu ya kuingia mlangoni.

Uingereza iliingia kwa sheria. Edward Jenner alionyesha mwaka 1796 kwamba ndui ya ng'ombe, iliyo hafifu, inakinga dhidi ya ndui ya watu, na mwaka 1853 chanjo ya watoto wachanga ikawa lazima. Mzazi aliyekataa alitozwa faini. Mji wa Leicester ukakataa kwa wingi, na Machi 1885 makumi ya maelfu ya watu waliandamana barabarani. Ni rahisi leo kuwacheka, nami nisingependa kufanya hivyo, kwa sababu watu wale hawakuishia kukataa. Walijenga njia yao. Kila mgonjwa wa ndui alitolewa taarifa upesi, akapelekwa hospitali ya kutengwa, nguo na nyumba yake zikasafishwa, na waliokaa naye wakawekwa karantini na kufidiwa ujira wa siku walizokosa kazini. Badala ya kumchoma kila mtu, waliuzungushia ugonjwa ukuta wa majina.

Miaka themanini baadaye, Desemba 1966, katika mkoa wa Ogoja mashariki mwa Nigeria, ukuta ule ulijengwa tena, safari hii na sindano. Daktari William Foege hakuwa na chanjo ya kuwatosha wote. Kila jioni yeye na wenzake waliwauliza wamisionari kwa redio kama kuna kijiji chenye ndui, na wamisionari wakatuma watu wa miguu kwenda kuangalia. Walichanja pale palipo na mgonjwa na waliomzunguka, kisha wakatazama ramani: soko liko wapi, ndugu wako wapi, njia inaelekea wapi. Kufikia katikati ya 1967, ndui ilikuwa imetoweka mashariki mwa Nigeria, wakati vita vya Biafra vikianza. Chanjo ya duara ikazaliwa kutokana na upungufu.

Leicester ilikuwa na duara bila sindano kwa sababu wananchi hawakuitaka sindano, Ogoja ilikuwa na duara lenye sindano chache kwa sababu ghala lilikuwa tupu. Sababu hazikufanana, lakini kazi ilikuwa ileile, nayo si ya tiba hasa. Ni kazi ya kumfanya mtu ataje majina: ulilala wapi, ulimpa nani mkono, nani alikuogesha. Merca, Somalia, Oktoba 1977, mpishi wa hospitali Ali Maow Maalin aliingia ndani ya gari kuwaonyesha njia watoto wawili wagonjwa wa ndui. Alipougua mwenyewe, walitafutwa watu 161 aliokutana nao, mji ukapekuliwa nyumba kwa nyumba, na kwake mlolongo wa ndui ya kuambukizana kwa njia ya asili ukakatika duniani kote. Alikufa mwaka 2013 akiwa katika kampeni ya chanjo ya polio. Mtu wa mwisho kuipata ndui kwa njia ile alimaliza maisha yake akiwashawishi wazazi wengine.

Kisha duara likaja Kivu.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika eneo la Mangina, na tarehe 8 wachanjaji wakaanza kazi. Chanjo yenyewe ilikuwa imejaribiwa Guinea mwaka 2015 kwa mtindo wa Ogoja, duara kwa duara: waliomgusa mgonjwa, na waliowagusa hao. Huko utafiti uliitwa kwa Kifaransa Ebola ça suffit, yaani Ebola sasa basi. Kwetu utafiti wa dawa za Ebola uliitwa kwa Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, na ule wa chanjo ya pili, ulioanza Goma Novemba 2019, ukaitwa Tujiokoe. Nimeyapenda majina haya, na nimeyatilia maanani. Lile la Guinea linausemesha ugonjwa. Haya ya kwetu yanatusemesha sisi, kwa nafsi ya kwanza wingi, kana kwamba wingi huo umekwisha kupatikana.

Haukuwa umepatikana. Mchanjaji aliyefika kijijini alihitaji vitu viwili. Cha kwanza ni baridi: chanjo ile hukaa kwenye nyuzi 60 za Selsiasi chini ya sifuri au zaidi, nayo ilisafirishwa kwenye mitungi maalumu juu ya barabara ambazo matope yake yanafika kwenye ekseli. Hicho kilipatikana. Cha pili ni fishi yenye safu za jina, umri, kijiji, na siku ya mwisho ya kukutana na mgonjwa. Halafu karatasi ya kukubali, kwa sababu chanjo ilikuwa bado ya utafiti mpaka idhini ya Ulaya ilipotoka Novemba 2019. Halafu sindano, halafu kuketi kwenye kiti cha plastiki dakika 30 mchanjaji akikutazama usije ukadhurika. Na waliomgusa mgonjwa walitembelewa siku 21 mfululizo, kipimajoto kikielekezwa kwenye paji la uso, mbele ya majirani.

Ni fishi iliyogoma, si baridi. Katika Ogoja jina lilikuwa la mtu wa sokoni au wa ukoo, na anayeuliza alikuwa mmisionari wanayemjua. Katika Kivu Kaskazini jina lina uzito mwingine. Anayekuja kuandika majina amekuja mara nyingi kabla ya mchanjaji: mwenye orodha ya unga na mafuta kambini, ambayo kukosekana kwake ni njaa, na mwenye bunduki anayekusanya kodi ya kila mwezi, ile iitwayo lala salama, na kukuachia jetoni, yaani risiti, uionyeshe kwenye kizuizi. Watu wa riposti, kama tulivyoziita timu za kupambana na Ebola, mara nyingine walifika wakisindikizwa na askari. Na Desemba 2018, wakazi wa miji ya Beni na Butembo waliambiwa kwamba kwa sababu ya Ebola na usalama hawatapiga kura ya rais pamoja na nchi nzima. Walioachwa nje ya kura wakatafutwa nyumba kwa nyumba waingie katika orodha ya waliogusana. Sijui hoja yenye nguvu zaidi ya kukaa kimya kuliko hiyo.

Wengine hawakukaa kimya. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu cha Butembo. Hakuna uchungu wa kisiasa unaohalalisha kifo chake. Lakini anayelinganisha lazima aone kwamba Leicester iliandamana ikaachiwa kujenga njia yake, kisha ajiulize: Butembo ilikuwa na nini cha kujengea?

Ilijenga, kidogo kidogo, na hapa ndipo ninapoona mambo yakikutana kwa namna nisiyoitarajia. Mwezi Mei 2019 wataalamu walishauri kipimo cha chanjo kipunguzwe ili iwatoshe wengi, na kwamba watu wachanjwe pia kwenye vituo vya muda, mbali na nyumba ya mgonjwa. Mtu aliyeogopa jirani asijue kwamba amegusana na mgonjwa aliweza kuvuka kilima, akafika mwenyewe, akachanjwa, akarudi. Duara halikuacha kuwako, ila mwelekeo wake uligeuka. Mchanjaji aliketi, familia ikamwendea, kama mama wa Sudan na kitambaa chake. Kuanzia mwezi uliofuata walikubaliwa hata wajawazito, waliokuwa wameachwa nje muda mrefu. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, Juni 2020, watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamechanjwa, na 2,287 wamefariki.

Upande wetu uliguswa kidogo tu. Agosti 2019 mgonjwa mmoja alithibitishwa Pinga, kaskazini mwa Walikale, katika eneo lililokuwa mikononi mwa wapiganaji. Ebola haikuota mizizi pale. Nafikiri mara nyingi juu ya wale ambao hawakuugua Pinga, kwa sababu mafanikio ya kinga hayana kaburi wala picha. Chale zina kovu la kuonyesha na hadithi ya risasi iliyopita pembeni. Duara lililofaulu lina fishi zilizojaa majina ya watu ambao hawakuugua, zikipata unyevu kwenye kabati.

Lakini duara lina sharti moja ambalo Foege na wa Leicester hawakuhitaji kulitamka: watu wawe wamekaa mahali pamoja muda wa kutosha kuzungukwa. Tangu vita vya Masisi vilipopamba moto upya, vijiji vizima vimehama, vikarudi, vikahama tena. Ugonjwa wa mpoksi ulipoingia kambi za Goma, chanjo yake ilianza kutolewa mjini tarehe 5 Oktoba 2024, pia kwa kuwafuata waliogusana na mgonjwa. Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, kambi zikavunjwa, na zaidi ya wagonjwa 100 wa mpoksi waliondoka kwenye vituo, na vidonda vyao, kila mtu njia yake.

Mama wa Mpofi akiulizwa na muuguzi wa ugenini, kwenye safu ya kijiji, atajibu Mpofi. Hatasema jina la kambi wala la shule aliyolala jana. Muuguzi ataandika. Kisha atamuuliza kwa upole, "Na jirani zako, mama, ni akina nani?" Naye ataanza kuwataja kwa utaratibu, nyumba baada ya nyumba tangu kisimani mpaka kanisani, kama walivyokuwa wamepangana kule mlimani kabla ya kukimbia.